Kicheko Chini ya Kinyago

Mtaani fundi bomba huyu walimwita Lawama, na yeye hakulikataa jina. Bomba alilolifunga mwenyewe likipasuka, kosa lilikuwa la aliyeliuza. Maji yakikatika, la mkubwa fulani aliyekalia kiti asichokiweza. Lakini kulikuwa na lawama moja ambayo hakuna aliyethubutu kuicheka. Mkewe alikufa kwa uvimbe wa kichwani wakati mashine ya kuutibu imelala kwenye makasha nyuma ya hospitali, wakubwa wakivutana nani akate utepe wa uzinduzi. Tangu hapo alimwambia kila mtu, hata asiyeuliza, kwamba mke wake hakufa, aliuawa kwa vikao.

Sasa mashine ilikuwa inafanya kazi, na aliyelala ndani yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Naye alikuwa na uvimbe, wa aina isiyowapata wengi, umejibanza kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto. Sikio lenyewe lilishakufa. Kilichobaki kugombewa ni uhai: uvimbe usimamishwe kabla haujaubana ubongo. Asubuhi ile daktari bingwa aliwaeleza kwamba hapasuliwi mtu. Miale myembamba itaingia kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu, na yote itakutana pale pale penye uvimbe. Lawama alielewa kifundi: vibomba vingi vinadondosha, ndoo ni moja. Sharti lilikuwa mgonjwa asitikisike. Kwa hiyo walimfunika shemeji kwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa juu ya uso wake mwenyewe, wakakibana kwenye kitanda, na puani wakambandika kitone cha alama ambacho kamera ilikikodolea jicho bila kupepesa.

Shemeji aliogopa kufungiwa peke yake, akaomba asikie sauti ya mtu wa nyumbani. Mtaalamu wa mionzi, binti mwenye roho laini, akakubali kumkalisha Lawama chumba cha pili mbele ya kipaza sauti. Akamwonyesha kitufe. Maneno machache ya kumtia moyo yanatosha, alimwambia, wala asimwulize kitu, maana hawezi kujibu.

Ila hao wawili, tangu siku ya posa, hawakuwahi kuongea maneno kumi bila kutaniana. Hata msibani shemeji alimnong'oneza kwamba analia kama pikipiki isiyotaka kuwaka.

Binti aligeuka kumsikiliza mwenzake mlangoni. Lawama akabaki na skrini. Alimwona shemeji amenyooka kama ubao, vidole vimekamata shuka. Akamwonea huruma, na huruma yake haikuijua njia nyingine. Akabonyeza.

"Shem, kwa hicho kinyago umekuwa chujio kamili. Tukirudi nyumbani chai tunaipitishia kwako."

Kifua cha shemeji kikapanda, kikashuka, kikapanda tena kwa kasi. Kitone kikaruka kwenye skrini, taa ikageuka ya njano, mashine ikajikata.

Binti alifika mbio. "Baba, umemwambia nini?"

"Nimemwambia avumilie tu." Lilimtoka lenyewe, bila hata kutafutwa. "Mashine zenu hizi. Mliziozesha kwenye makasha, sasa mnatuuliza sisi."

Bingwa akaitwa. Hakuwa na majivuno ambayo Lawama angependa awe nayo. Alieleza taratibu kwamba mashine imefanya inavyotakiwa: mtu akisogea, miale inakatwa, na hakuna uliotua pasipostahili. Alichotaka kujua ni kwa nini amesogea. Wakaingia wakamfungua. Shemeji akaketi, uso umejaa alama za matundu, akamtazama Lawama aliyekuwa amesimama mlangoni. Kisha akasema mwili ulishtuka wenyewe, hajui sababu.

Alikuwa anamfichia. Lawama alipumua, lakini pumzi haikufika mbali. Mwili kushtuka wenyewe, bingwa alisema, huenda ni kifafa kinaanza, na mwenye kifafa hafungwi uso kitandani. Leo basi. Apimwe upya, arudi kwenye foleni, na foleni ilikuwa ya miezi. Halafu, kwa sauti ya chini, akamwuliza binti nani alimruhusu ndugu wa mgonjwa kukaa kwenye kipaza sauti. Binti aliinamisha kichwa.

Lawama alitafuta mkubwa wa kumtupia mzigo, akatafuta kwelikweli. Alichokipata ni sauti yake mwenyewe. Mkewe alipoanza kulalamikia kichwa, yeye alimwambia kinamwuma kwa sababu ya kumuwaza mume mzuri kupita kiasi. Walicheka wote wawili. Walicheka msimu mzima, kabla hata hawajafika hospitali na kuyakuta makasha.

"Daktari," alisema, "hana kifafa. Nilimchekesha."

"Ulimchekesha vipi?"

Ikabidi aurudie utani wote, neno kwa neno, mbele ya bingwa na binti. Safari hii haukumchekesha mtu. Bingwa akamgeukia shemeji.

"Ni kweli, daktari," shemeji alisema. "Ndivyo alivyo. Ndiye tuliyempata."

Bingwa akaagiza mkao wa kichwa upimwe tena, na tiba iendelee pale ilipokatikia. Lawama atoke. Binti alimfungulia mlango bila kumwangalia. Maneno aliyoyajua Lawama yote yalikuwa ya kumlaumu mtu mwingine.

Kwenye benchi la korido alikaa karibu na mwanamume aliyemleta mama yake, ambaye saa ya zamu yake ilishapita bila kuitwa. Mtu huyo hakungoja salamu. Alisema wakubwa wa humu ndani wanajifungia, wanapiga soga, wagonjwa wanaozea nje kama mizigo isiyo na mwenyewe. Akamgusa Lawama kwa kiwiko, kama mtu aliyemwona mwenzake. Siku nyingine Lawama angeyapokea maneno hayo na kuyapeleka mpaka jioni.

"Si wao," alisema. "Leo aliyewachelewesha ni mimi."

Yule mtu alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akauinua mkoba wa mama yake kutoka sakafuni, akauweka kwenye benchi katikati yao.