Mizinga Arobaini, Yote Inatumika

Mwaka 1951 Kasimiri, karani kijana wa mtaa wa Cheyo mjini, alipanda baiskeli akashika njia ya zamani ya misafara kuelekea magharibi, mfukoni ana fomu yenye swali moja. Kamati ya wahisani wa Uingereza ilikuwa imegawa mizinga ya nyuki arobaini, ya mbao, iliyopakwa rangi nyeupe, katika kijiji cha warina asali. Sasa ilimtuma aulize kila nyumba: mzinga unatumika au hautumiki?

Mzinga wa kwanza aliukuta kwa Masolwa. Kuku alikuwa ameatamia ndani.

"Unatumika?" aliuliza.

"Tena sana," alijibu Masolwa. "Ameshatotoa vifaranga kumi na mmoja."

Kasimiri akaandika: unatumika. Kwa Pelagia mtoto mchanga alilala mzingani. Kwa katekista mzinga ulikuwa kiti cha wageni. Fomu haikutaja nyuki, naye hakuwataja. Hadi jua linazama alikuwa na arobaini kwa arobaini, na dhamiri ikimwasha kama upupu.

Mwezi haukuisha, Bwana Pritchett, mjumbe wa kamati aliyekaa mjini, akaja mwenyewe kuyaona mafanikio hayo. Katekista alimkaribisha kiti. Bwana akaketi, akakipapasa, akainuka taratibu.

"Hiki nakijua."

"Ni mzinga, Bwana," Kasimiri alisema kwa sauti ndogo. "Unatumika."

"Na nyuki wako wapi?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Aliyejibu ni Koleta, mjane aliyekuwa akiuza asali mpaka mtaa wa Ng'ambo mjini.

"Wako msituni, Bwana. Ile rangi inawanukia vibaya. Hakuna aliyewauliza."

"Ninyi je, mliulizwa?"

"Wala sisi."

Kasimiri alijiona ameshafukuzwa kazi. Lakini Bwana alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza, "Basi mnakosa nini?"

Koleta akamweleza. Mizinga yao ya magome hujaa kila msimu. Shida ni kuchuja. Asali hukamuliwa kwa mkono, ikaingia majivu na mabaki ya nta, na wanunuzi wa mjini huikataa. Wapewe kitambaa cha kuchujia na madebe yenye vifuniko.

"Na wewe, mwanangu," Koleta alimgeukia Kasimiri, "ukirudi usihesabu vitambaa. Onja asali."

"Nimesikia, mama."

Msimu uliofuata, vitambaa na madebe vikiwa vimeshagawiwa, Kasimiri alirudi na kijiko. Alionja asali ya nyumba zote arobaini, tumbo likamsokota siku mbili. Nyumba ishirini na saba zilikuwa na asali safi kabisa. Katika kumi na tatu kitambaa kilikuwa kimeshonwa mashati, na Masolwa alimpokea akiwa amevaa lake. Kasimiri aliandika yote kama yalivyo.

Barua ya kamati ikafika: kwa nini mafanikio yameshuka kutoka arobaini hadi ishirini na saba? Bwana Pritchett aliisoma mara mbili. Badala ya jibu, alifunga debe la asali vizuri, akalituma Uingereza.

Miezi kadhaa baadaye ikaja shehena nyingine: madebe mengi, na kitambaa chembamba mno. Masolwa alikiinua juani, akamwona Koleta waziwazi upande wa pili.

"Hiki hakishoneki shati," alinung'unika, akaenda kuchuja asali.