Mama Jeanine na Barua ya Shirika

Mtu akiniuliza nakaa wapi, nachanganyikiwa, na nikichanganyikiwa nakasirika. Mimi na Edmond tunaishi mwaka wa kumi na moja ndani ya boti ya mbao iliyokuwa ya kuvua sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Ubavuni imeandikwa HARAKA YA NINI. Wengine wakitoka Goma asubuhi, jioni wako Bukavu. Sisi tunatumia wiki tatu, kwa sababu Edmond anatengeneza injini za watu Minova, Idjwi na Kalehe, nami nashona. Nikifungua mlango asubuhi naona mlima Nyiragongo; upepo ukigeuza boti, mlango uleule unanionyesha kisiwa. Nabaki nimesimama na sufuria mkononi, sijui jua litaingia upande gani.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Edmond alileta mahari kwetu, ng'ombe wakapokelewa, ila kanisani hatukufika. Miaka yote hiyo wenzangu wanapanga mstari wa komunyo, mimi nabaki kwenye benchi kama mzigo usio na mwenyewe. Inaniuma, sifichi. Sasa parokia ilipanga kufungisha ndoa za pamoja Jumamosi, na padri alitaka barua moja tu: shirika, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa tunaokaa, lishuhudie kwamba tunaishi kama mume na mke.

Mtaa gani? Bukavu walisema tulihama. Idjwi walisema sisi wapita njia. Hapa Goma, bandarini, Mama Jeanine, prezidenti wa shirika, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Mama Nsimire, munalalaka wapi?"

"Mu boti, mama."

"Na boti inalalaka wapi?"

Nikarudi botini bila barua.

Wazo lilikuwa la Edmond. Kila Alhamisi watu wa shirika husali nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. "Wakuye kwetu," alisema. "Wakisha kukala kwetu, watajua kwetu ni wapi." Wakaja tisa, Mama Jeanine mbele, wameshikana mikono kwenye ubao wa kupandia, wakaketi kwenye viti vya plastiki. Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye gati, imetulia. Nilimshukuru Mungu mapema mno.

Tulikuwa kwenye tendo la tatu la rozari, macho yamefumbwa, injini ikanguruma. Baadaye Edmond aliapa kwamba watu tisa ni wazito, maji yalikuwa yanaingia chini, naye alitaka tu injini iendeshe pampu iyatoe. Mimi nilisikia injini. Nikainuka na rozari yangu, nikafungua kamba kama kila tunapoondoka, nikaitupa ndani, nikakaa na kuendelea na Salamu Maria. Sikujua nimefanya nini. Na Edmond kule nyuma, aliposikia kamba imeanguka kwenye mbao, akatia gia.

Mama Jeanine alifumbua macho kwenye Amina. Bandari haikuwepo. Nyumba za mtaa wa Himbi zilikuwa zinapita moja moja.

"Yesu wangu! Miye nilikuya kusali, sikukuya safari!"

Nilimtazama Edmond. Edmond alinitazama.

"Njo weye ulifungua kamba!"

"Njo weye uliwasha moteri!"

"Nilikuambia ufungue?"

"Na miye nilikuambia uende?"

Mzee mmoja alikumbatia kiti chake kwa mikono miwili. Mimi nililia mbele yao wote. Barua imekwenda na maji, nilijiambia, na aliyeifungulia kamba ni mimi mwenyewe.

Mama Jeanine hakucheka. "Ngoja," alisema. "Kati yenu hakuna mwenye alisema kitu?"

"Hapana, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alimtazama Edmond, akaitazama ile kamba miguuni pangu, imejikunja kama kila siku. Akatoa karatasi ya ushuhuda ya parokia ndani ya Biblia yake, akaandika polepole kwa sababu boti ilikuwa inatikisika.

"Papa Edmond, turudishe. Niliacha maharagi ku moto."

Kisha akanipa karatasi. Mbele ya jina langu, palipoulizwa nakaa wapi, ameandika: kwa bwana yake. Nikatafuta jina la Edmond, chini kidogo, herufi zikinichezea kwa machozi: kwa bibi yake.