Futari ya Mama Valérie

Mwaka 1994 Kwaresima, carême kama tunavyoiita, na Ramadhani zilikutana. Ijumaa ya kwanza jirani yangu Kadija alikuja kuomba chumvi, akachungulia sufuria yangu. Ndani mlikuwa na samaki tomson, mnene, anaelea kwenye mawese.

"Mama Valérie, hii njo carême yenu?"

"Leo hatukule nyama."

"Ah! Mi nikifunga vile, nitanona tu!"

Nilikasirika, maana alisema kweli. Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na tangu siku ile swali moja lilinitesa: hawa wanaokaa kutwa bila tone la maji, wanapata nini? Mimi nilikuwa sipati kitu. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu surua imchukue binti yangu Valérie. Misa nilienda, majivu nilipakwa, nyimbo niliimba. Lakini katika Baba Yetu, nikifika pale pa mapenzi ya Mungu, mdomo ulijifunga, nikawasubiri wenzangu wamalize. Hata mume wangu Stanislas hakujua. Niliogopa Pasaka ingenikuta hivyo hivyo, redio isiyo na betri. Mtaa wetu mzima wa Kapata walikuwa wameanza kuniita Mama Adolphine, kwa jina langu mwenyewe, wakikwepa jina la marehemu. Kadija peke yake hakubadilisha.

Jumatatu nikamwambia, "Kesho nafunga ya kwenu."

"Na mayi ya kunywa pia utaacha?"

"Na mayi."

"Tutaona," akasema, akicheka.

Saa nne asubuhi nilikuwa shujaa. Saa sita harufu ya bukari, ugali wa majirani, ilinitukana. Saa nane nilimchukia Kadija na ukoo wake wote wa kule Kasongo. Stanislas alirudi kutoka mgodi wa Mashamba na vumbi lake, akanikuta mlangoni nimelikazia jua macho.

"Unatafuta nini kule?"

"Nangojea lishuke."

Akanitazama, akaenda kujipakulia mwenyewe.

Jua lilipozama nilikuwa tayari mkekani kwa Kadija, mbele ya uji na tende tatu. Nikanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji, akanizuia.

"Ngoja. Omba kwanza. Hii saa Mungu hakatalake maombi ya mutu mwenye kufunga."

"Yenu ao yetu?"

"Sema yako."

Nikaitafuta Baba Yetu, haikuja. Salamu Maria, haikuja. Koo lilikuwa limekauka, na nilichoka kudanganya. Nikasema kwa sauti, kwa hasira, mbele ya chakula cha watu:

"Mungu, juu ya nini ulibeba mutoto yangu? Nilikuomba siku sita. Ulikuwa wapi?"

Nikadhani Kadija atashtuka, ataniambia nakufuru. Aliinamisha kichwa tu.

"Amina," akasema. Kisha akanisogezea kikombe. "Kunywa sasa, Mama Valérie."

Nikanywa, nikalia, nikanywa tena. Lilikuwa neno la kwanza la kweli kumwambia Mungu kwa miaka miwili, na nilishangaa: kumbe muda wote huo sikuwahi kuamini kwamba hayupo. Mtu hagombani na nyumba tupu.

Ijumaa iliyofuata nilipika sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Jumapili, katika Baba Yetu, nilifika pale pangu, nikanyamaza kama kawaida. Safari hii sikuwasubiri wenzangu. Nilimwambia Mungu, "Bado nangojea jibu," kisha nikaendelea na sala peke yangu, nimechelewa nyuma ya kanisa zima, mpaka amina.