Mzee wa Kifungu cha Tatu

Asubuhi ya mtihani wa kusoma, Bibi Maeng Ok-bun alimpikia mjukuu wake Dan-bi supu ya mwani, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mtoto, na siku hiyo kwa desturi hunywewa mwani. Aliikaanga nyama kwanza kwa mafuta ya ufuta, akatia kitunguu saumu, akaiacha itokote taratibu. Shangazi mtu akaingia mbio, kiatu kimoja bado kiko mguuni.

"Mama! Mwani, utelezi mtupu, siku ya mtihani? Unataka mtoto ateleze?"

"Linaloteleza ni tumbo tupu. Dan-bi, kunywa."

Dan-bi akanywa bakuli mbili, kisha akatafuna peremende ya mchele ya shangazi, ile inayonata, ili alama nazo zimnate.

Mtihani ulikuwa wa shule ya jioni pale mjini Yeongju. Aliyefaulu aliingia darasa la juu, na ni darasa la juu tu lililoruhusiwa chumba cha vitabu. Dan-bi alikuwa amekichungulia dirishani mara moja, na tangu hapo hakikumtoka rohoni.

Kabla ya siku hiyo walikuwa wakijizoeza jikoni. Kila kifungu kilitiwa neno la kubuni, lisilo katika kamusi yoyote, na mtoto alitakiwa kukisia maana yake kwa maneno yaliyolizunguka. Dan-bi alilifunika kwa kidole, akasoma ya mbele na ya nyuma, na mtu wa kifungu hicho akatoka karatasini akaketi nao. Kuna mama mmoja aliyekaa nao siku kadhaa, akiweka akiba maji ya kuoshea mchele na kutia soksi viraka.

"Mchoyo huyu," alisema Dan-bi.

"Ngoja kwanza," alisema Bibi, akimenya viazi.

Jioni yule mama akampelekea jirani bakuli zima la kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili. Dan-bi akaandika kuwa ni mwekevu, akapata. Bibi alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba watu wa vifungu vya vita hawavui viatu mlangoni.

Siku ya mtihani Dan-bi alirudi na mzee nyuma yake, kashika mwavuli na chakula cha watu wawili kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Ni wa kifungu cha tatu, Bibi. Kutwa yuko kwenye benchi la stesheni, hanyanyui hata kijiti, majirani wanamwita dalmuk. Nimeandika maana yake ni mwenye subira."

"Umejuaje?"

"Si anaangalia mlango tu! Na mvivu gani atafunga chakula cha wawili?"

Matokeo yalipotoka, jibu lilikuwa mvivu. Dan-bi alikosa nafasi kwa neno hilo hilo moja. Shangazi akasema ni ile supu. Bibi akavaa koti lake la harusini, akamshika mzee mkono, wakaenda shuleni watatu.

Mwalimu Tak akawamiminia chai ya shayiri, akamtazama mzee toka kofia hadi viatu.

"Babu, wewe ni mvivu?"

"Namngoja binti yangu. Alisema atakuja kwa treni. Hakutaja ipi."

"Basi si mvivu, naona. Uniwie radhi, babu." Akamsogezea sahani ya biskuti. "Ila majibu yameshachapwa."

"Mwenye neno si huyu hapa, anakunywa chai yako?" alisema Bibi.

"Namwona, Bibi. Lakini nikibadilisha majibu kwa kila anayetoka, hatutafundisha."

Dan-bi alilia njia nzima hadi kwa muuza mikate yenye umbo la samaki, hapo akanyamaza, maana ilikuwa ya moto na maharage matamu yalikuwa tele. Akaingia darasa la chini. Mzee akabaki nao, akapenda kuchambua vitunguu saumu pale dirishani panapoonekana stesheni, na jikoni pakawa na mtu wa kuzungumza naye.

Muhula uliofuata shule ikatoa mtihani uleule, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimebaki. Bibi alimfungia mzee chakula, naye akaenda mapema, akaketi mbele ya ukumbi. Watoto walipoingia wakamwinamia kwa adabu.

"Babu, binti hajafika tu?" aliuliza mmoja.

"Bado, mjukuu wangu."

"Atakuja, babu."

Wakakaa, wakaandika kwamba ni mvivu kama walivyofundishwa, wakafaulu wote.