Swichi ya Kando ya Mlango

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kompyuta mpaka miguu ilipomgomea. Baada ya hapo akawa fundi wa kitandani, na mwanafunzi wake pekee nilikuwa mimi, mpwa aliyemlea tangu mama yangu alipofariki.

Nilikuwa nikiandaa ankara katika kampuni ya vipuri vya pampu. Programu yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya ofisini tu, haikuhamishika. Nyumbani nako hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza Mjomba na kumpa dawa. Nilipomweleza bosi, mama asiyependa maneno mengi, alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Jumatatu nitumie ankara zote ukiwa kwako, kabla ya adhuhuri. Ukiweza, baki naye. Ukishindwa, utarudi hapa, mwanangu. Sina namna."

Ijumaa wenzangu walipoondoka, nilibaki ofisini na simu sikioni, Mjomba akinielekeza namna ya kuiandaa kompyuta yangu niifikie nikiwa nyumbani.

"Usiiache kompyuta iingilike hivihivi kutoka mtandaoni," alisema. "Huko nje kuna watu kazi yao ni kujaribu vitasa vya wenzao. Kwanza VPN, ile njia iliyozibwa pande zote. Halafu nywila. Halafu namba ya kwenye simu."

"Nywila niweke mwaka wako wa kuzaliwa?"

"Shule ulikwenda kusindikiza wenzio? Weka sentensi ndefu, na usimtaje mtu wa familia."

Namba ile hubadilika kila mara na huhitaji simu ya kisasa. Yangu ilikuwa ya vibonyezo, kwa hiyo tukaiweka kwenye yake: mimi nikimsomea herufi, yeye akiziandika. Tulipomaliza nilifunga mlango nikaenda zangu, moyo mweupe.

Jumatatu nilikaa mezani kando ya kitanda chake, kompyuta yake ya zamani mbele yangu.

"Namba, Mjomba."

Akanisomea taratibu, kama mtangazaji wa redio. Njia ikafunguka. Lakini kompyuta yangu ya ofisini haikuitika. Nikajaribu tena, na tena.

"Barabara ipo, nyumba imelala," alisema Mjomba. "Ijumaa ulitokaje?"

"Nilifunga mlango."

"Kabla ya mlango?"

Hapo nikakumbuka. Ofisini kwetu, tangu nyaya zilipowahi kuungua, wa mwisho kutoka huzima swichi kuu iliyo kando ya mlango. Mkono wangu umeizoea kiasi kwamba hauniulizi. Asubuhi umeme ulikuwa umerudishwa, ila kompyuta yangu haikuwa na wa kuiwasha.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Tumewafungia wezi wote wa dunia, kumbe mwizi ni mkono wako! Mpigie bosi."

"Atasema nimeshindwa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Sikiliza mgonjwa mzoefu. Piga."

Nikapiga, nikamweleza bosi kila kitu. Nilisikia hatua zake sakafuni, kiti kikivutwa, kisha mlio wa kitufe.

"Nimebonyeza," alisema. "Swichi hiyo ni amri yangu mwenyewe. Nitamwita fundi atenge umeme wa kompyuta yako. Saa inakwenda, mwanangu."

Mjomba akanisomea namba nyingine. Kioo cha kompyuta ya ofisini kikatokea mbele yetu, naye akanyoosha shingo.

"Mbona mafaili yamezagaa kama soko lililovunjika?"

"Mjomba, niache nifanye kazi."

Ankara zilifika kabla ya adhuhuri. Bosi alijibu neno moja: "Baki."

Nikabaki. Kila asubuhi nilisema, "Namba, Mjomba," naye alisoma. Siku nyingine alinipa za uongo makusudi, nikikataliwa anajifanya amelala. Nilimgeuza kati ya ankara na ankara, na alipotaka maji hakuhitaji kuita mara mbili.

Asubuhi moja niliomba namba, akaninyooshea simu tu, macho ameyafumba. Sikuisoma. Nilimwandikia bosi kwamba leo siingii, nikafunga kompyuta, nikamshika mkono. Alikwenda kabla jua halijafika dirishani, nami nikiwa pale.

Siku hizi nimerudi ofisini. Bosi ameniambia nihamishie namba kwenye simu yangu mpya, na nitahamisha. Ya Mjomba bado naichaji. Jioni nikiwa wa mwisho, mkono huenda wenyewe kwenye swichi. Nazima umeme wa wengine. Kompyuta yangu, yenye waya wake wa peke yake, naiacha inaunguruma, nafunga mlango polepole.