Kamusi na Bonde la Maua

Darasa la jioni lilikuwa na wanafunzi wengi wenye mvi, lakini Kamusi alikuwa mmoja tu. Alikuwa fundi wa makochi, mzito wa tumbo na mwepesi wa ulimi, na tangu ajue kusoma hakuna neno lililopita mbele yake likasalimika. Ukitamka "duara", atakueleza linavyotofautiana na "mviringo" mpaka ukumbuke ghafla kwamba umeacha chungu jikoni.

Mwalimu alipotangaza kwamba darasa litakwenda kuona bonde la maua ya porini, juu kabisa milimani, Kamusi alitaka kulia. Miaka yote alikuwa akigongelea misumari vitambaa vya maua: yote sawasawa, hayanyauki, na yanakaliwa na watu. Alitamani, kabla hajafa, ayaone maua ambayo Mungu ameyaotesha mwenyewe mahali pasipo na mteja. Akafumba macho palepale kwenye dawati, akaanza kushukuru. Naye hakuwa mtu wa kushukuru kwa ufupi. Alipofika kwenye kushukuru kwa ajili ya mvua, mwalimu alikuwa amekwisha kueleza habari za hewa nyepesi, miteremko na magoti. Kamusi akafumbua macho na kudaka la mwisho tu:

"Bila mazoezi hakuna safari. Kila siku, mazoezi!"

"Amina," akasema Kamusi, akafungua kitabu.

Kila alipotoka kazini aliketi mezani. Alifanya mazoezi ya sarufi, ya hesabu, hata yale ya ufahamu ambayo mwalimu alisema yarukwe. Mkewe alimzunguka na fagio.

"Baba watoto, wenzako nawaona wanapanda ngazi za maghorofa, wanahema kama mvukuto. Wewe mbona umeganda hapa?"

"Waache, mama. Wanacheza tu hao. Hata sura ya tatu hawajamaliza." Akawaombea, kwa huruma ya mtu aliyewazidi.

Ikafika siku ya majaribio. Kiongozi wa safari, mama mmoja mkavu kama ufito, aliwakusanya chini ya jengo refu la ofisi ambalo mwanafunzi mwenzao ndiye mlinzi wake.

"Tutapanda mpaka juu huku tunaongea," akasema. "Atakayeishiwa maneno, hewa ya kule itamshinda. Huyo nitamwacha nyumbani."

Kamusi nusura acheke. Aishiwe maneno, yeye?

Ghorofa ya kwanza alikuwa akiwaeleza wenzake maana zote za neno "kupanda". Ya pili, sentensi zikaanza kupoteza viambishi. Ya tatu, alibaki na irabu tupu.

"Kamusi," mwanafunzi mwenzake, muuza mayai, akamwita kutoka juu, "vipi, kurasa zimenyofoka?"

Akaketi kwenye ngazi, akatoa kitabu kwapani na kumpa mwalimu. "Mazoezi... nimemaliza... yote."

Mwalimu alifunua kurasa mbili tatu, akamtazama tumbo, akaelewa. "Ndugu yangu! Nilisema mazoezi ya mwili!"

Ngazi nzima ilipasuka kwa kicheko, na Kamusi naye akacheka kwa pumzi aliyobakiza. Neno moja, maana mbili, na yeye mwenye kusahihisha watu akachagua ile ya kukaa kitako! Lakini kiongozi hakucheka.

"Nikikuchukua hivi, baba, utarudi umebebwa. Siku ya kuamkia safari nitakuja tena hapa. Ukishindwa, basi."

Kamusi akachukua kitabu chake, akashuka. Aliporudi nyumbani alipiga magoti, akaomba maneno machache kuliko siku zote: "Bwana, nilikushukuru kwa kichwa, nikasahau kwamba umenipa na miguu. Nihurumie."

Kuanzia hapo mkewe akawa nyuma yake kwenye ngazi kila siku. "Panda, mume wangu! Isome hiyo ngazi!" Mwanzoni Kamusi aliomba malaika wamnyanyue. Baadaye aliomba tu wamnyamazishe mkewe. Halafu, siku moja, akagundua kwamba anaomba na bado anapanda.

Kiongozi aliporudi, Kamusi, mkewe akiwa nyuma yake, alianza kupanda polepole, akiomba kwa sauti. Alimwombea mwalimu, muuza mayai na kuku wake, mlinzi, aliyebuni lifti, na aliyeifunga lifti ya jengo lile kwa kufuli. Ghorofa baada ya ghorofa sauti ilitetemeka, lakini haikukatika. Alitokea juu ameloa chapachapa, ndiyo kwanza anawaombea wakwe zake.

Kiongozi akainua mkono kumzuia.

"Inatosha, baba. Utakwenda. Ila utatembea nyuma kabisa ya msafara."

"Kwa sababu ya mwendo wangu?"

"Hapana. Wenzako wangependa kuwasikia ndege."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Kamusi alijifuta uso, akavuta pumzi, akamsogelea kiongozi.

"Wako wa aina gani, hao ndege? Wanaitwaje?"