Mita Tatu Kasoro

Fundo la kamba lilikuwa limegusa ukingo wa sanduku, kitanzi kilikuwa kwenye msumari wa nguzo ya antena, na mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati na futi ya chuma mkononi, nikisoma, kutoka sanduku hadi alama nyekundu ya antena, namba ambayo sikuitaka. Mita mbili na sentimita sitini na tano. Nikaikunja futi, nikaivuta tena taratibu. Mbili na sitini na tano. Ilitakiwa iwe tatu.

Ni miaka kumi na moja sasa na hasira zangu hazijapoa. Watu huniambia niachane nayo, eti ni sentimita tu. Anayesema hivyo sebuleni kwangu humalizia chai yake nje.

Kazi yetu pale maabara ilikuwa kusikiliza. Kila kifaa cha umeme huvujisha mawimbi, na yakizidi huvuruga vifaa vya jirani. Basi tulikiweka kifaa juu ya meza ya mbao, ndani ya chumba ambacho kuta zake zimefunikwa sponji nyeusi zenye ncha, tukasimamisha antena mbele yake, nayo ikatuambia kinapiga kelele kiasi gani. Kikizidisha, hakipati cheti. Sasa ukimsogelea sana mtu anayenong'ona, utadhani anapayuka. Ndiyo maana umbali ulikuwa na sheria: mita tatu kamili, kutoka ukingo wa kifaa hadi alama nyekundu kwenye mwili wa antena. Si hadi kwenye ncha wala kwenye nguzo, hadi kwenye alama.

Mkuu wetu tulimwita Profesa, ingawa chuo kikuu alikijua kwa kupita nje ya geti. Profesa hakutumia futi. Alikuwa na kamba ya katani: kitanzi anatundika kwenye msumari wa nguzo, anaivuta mpaka fundo liguse kifaa, anasema, "Tayari." Kamba ilikuwa na mita tatu na sentimita ishirini, kwa kuwa alama ya antena ya zamani ilikaa sentimita ishirini mbele ya nguzo. Hapo hakuwa na kosa. Kisha ikaja antena mpya, ndefu, alama yake sentimita hamsini na tano mbele. Tulibadilisha nyaya, tukapaka nguzo rangi, hata mapazia ya ofisi yakanunuliwa mapya. Kamba ikabaki ile ile.

Ndipo akaja mama mmoja, muuguzi mstaafu. Yeye na mafundi wanawake sita walitengeneza kitanda cha kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, katika chumba kilichokuwa zamani duka la viatu. Alipokileta mara ya kwanza kilizidi kiwango kwa desibeli nne, kipimo cha kelele hizo. Akaenda kubadilisha nyaya, akarudi: mbili. Akaenda kukifunika kisanduku cha umeme kwa bati. Tarehe tano ya mwezi ule akarudi mara ya tatu, kikazidisha kwa nukta saba, haifiki hata desibeli moja. Hospitali ilikuwa imemwambia alete cheti, la sivyo itachukua vitanda vya kampuni nyingine. Alisimama mlangoni na karatasi niliyoiandika mimi kwa mkono wangu.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii nukta saba inakaa wapi? Nionyeshe, niitoe."

Nilimwambia pole. Nilikuwa na cheo na koti jeupe, na nilichokuwa nacho cha kumpa ni pole.

Swali lake halikuniacha nilale. Tarehe nane Profesa alikwenda kung'oa jino. Nikaweka sanduku mahali pa kitanda, nikatundika kamba kama alivyoitundika yeye, ndipo nikachukua futi. Tulikuwa tumemsogelea yule mama kwa sentimita thelathini na tano. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: hizo peke yake zinaongeza desibeli moja na kidogo. Kitanda chake kilikuwa kimefaulu.

Profesa alirudi shavu limevimba. Nikamwonyesha. Aliitazama futi, akaitazama kamba, kisha akanitazama mimi.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Afadhali."

Akatoa mkasi, akakata kamba nyingine ya mita tatu na hamsini na tano, akaifunga fundo kwa ustadi kabisa. "Kuanzia leo tuko sawa," alisema. "Ukianza kufukua ya nyuma, binti, utafukua mwaka mzima."

"Na yule mama?"

"Atarudi. Huwa wanarudi."

Nilitamani kumlisha ile kamba, pamoja na fundo lake. Niliomba lile shavu limuume mpaka uzeeni. Baadaye alistaafu kwa sherehe, akapewa saa ya ukutani, na watu wazima wakasimama kumsifu kwa umakini wake. Mimi sikupiga makofi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku zile nilimtukania nyumbani. Nikiosha vyombo namtukana, nikipiga pasi namtukana, mpaka mume wangu akaniuliza, "Sasa huyo mama utamwambia lini?" Nikamjibu asinipande kichwani. Mkataba wangu ulikuwa unaisha tarehe ishirini na nane, na wa kuuongeza alikuwa Profesa. Aliutia saini siku hiyo hiyo. Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda.

Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuta milango ya lile duka la viatu iko wazi na gari la mizigo limeegeshwa mbele. Sikungoja hata kuketi. Nilimshtaki Profesa vizuri: msumari, kamba, zile sentimita, mkasi, kila neno lililotoka kinywani mwake. Mama alinisikiliza bisibisi mkononi, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

"Tarehe nane."

Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, kama wauguzi wanavyohesabu saa za dawa.

"Hospitali walinisubiri mpaka tarehe ishirini," alisema.

Nikaanza kumweleza habari za mkataba wangu, nikaishia katikati. Nyuma yake mafundi wawili walikuwa wanahangaika kuitoa meza ya mwisho ya kazi, imekwama mlangoni. Mama akatia bisibisi mfukoni, akawapisha, akashika upande mmoja.

"Shika huko," aliniambia.

Nikashika. Tukaitoa pamoja mpaka kwenye gari, yeye akienda kinyumenyume na kuniambia pa kukanyaga.